Kila Roho Ina Sheng Yake

Wakati tulizika mzae wangu ocha Siaya, beshte yangu alifanya kitu nikamwekea kinyongo mwaka mzima.

Gari ya maiti iliingia boma jioni. Haikuwa imesimama vizuri na masistee wa mzae washaanza nduru. Ukiwa hujawahi skia nduru ya mama wa Kijaluo aliyefiwa na bratha yake, ni ngumu kukuelezea. Ni sauti inatoka chini kabisa ya kifua, inapanda, inavuka mto, na kila boma inayoiskia inajua nani amerudi nyumbani na amerudi aje. Mimi pia nililia hadi koo ikakauka. Nikiwa hapo katikati, watu wamenishika kila upande, nikageuza macho nitafute beshte yangu wa ukweli, chali tumekua naye ploti moja Umoja, tumemanga madondo sahani moja tangu tukiwa watoi. Nikamwona kando ya hema. Anapanga viti. Hakuwa amemwaga hata chozi moja. Alikuwa amenipea gota, akaniambia, "Pole sana buda," basi, akaenda kushika kamba ya hema.

Nikajiambia, huyu msee hajawahi nipenda. Mzae wangu ndio alimfunza kuendesha baiskeli. Leo mwili wake umeletwa boma, na yeye anapanga viti kama mtu wa kukodiwa.

Ilinichukua mwaka mzima kujua ukweli. Beshte yangu huuza smokie pasua na mayai boilo karibu na steji. Tangu siku mzae alidedi hadi tukarudi Nairobi, siku 9, troli yake ilikuwa imefungwa mnyororo. Ni yeye alikuwa anapiga foleni mochari. Ni yeye alibonga na wenye basi hadi wakashusha bei. Usiku nikiwa nimezima kwa usingizi, ni yeye alikuwa anapanga majina ya mchango kwa grupu, nani ametuma ngapi, nani ameahidi. Na zile viti? Ya kwanza kufungua aliipeleka kwa mathe wangu, juu alikuwa ameona amesimama tangu asubuhi. Mimi sikuona. Nilikuwa nalia.

Hii stori nimeibeba muda mrefu, na leo naiandika juu naona vile watu wanapotezana hapa Nairobi kila siku. Mabeshte wanaachana, wapenzi wanaachana, watoi wanakosana na wazazi wao, na mapenzi yako hapo tu, yamejaa. Kila mtu anayaongea kwa lugha ya kwao, alafu anakaa anangoja ajibiwe kwa hiyo hiyo lugha. Jibu likikuja kwa lugha ingine, anadhani hakuna jibu.

Kulia kwa sauti, kulia kwa mikono

Kwa Wajaluo, kifo hakinyamaziwi. Nduru ndio kamsa ya kwanza. Alafu kuna dengo, kilio chenye maneno, mtu anatembea mbele ya nyumba ya marehemu akimuita kwa majina yake ya sifa, akimuuliza mbona ametuacha, akikumbusha watu venye alikuwa. Akiwa ni mzee wa boma amededi, kuna tero buru: wanaume wanatoka na ng'ombe, fimbo na mikuki, wanakimbia wakiimba kufukuza kifo kitoke kwa boma, alafu wanarudi. Kwa hiyo shughuli yote, ukikaa kimya watu wanakuangalia mara mbili. Kimya chako kinaweza kusomeka kama hukumpenda.

Sasa vuka uende Nyeri, kwa watu wa beshte yangu. Zamani Wakikuyu walikuwa wanaogopa kugusa maiti. Aliyegusa alipata thahu, mkosi wa kiroho, hadi afanyiwe tambiko la kumtakasa. Watu wengi hata hawakuwa wanazikwa. Kaburi ilikuwa ya wazee wa heshima na mali. Kuzika kila mtu kuliingia na wamishonari na serikali ya mkoloni. Leo wanazika kama watu wengine, na wanalia pia. Lakini kwa familia mob bado kuna ile tabia ya kupokea kifo kwa utulivu, kumaliza mambo yake kwa mpango, na kugeukia walio hai haraka. Alafu wako na neno zito sana, ngwatio: leo tunalima kwako, kesho tunalima kwangu. Wakamba nao wana mwethya. Msee aliyelelewa na ngwatio akikupata kwa shida hatafuti cha kusema. Anatafuta pa kushika.

Hizi lugha mbili zishawahi gongana mbele ya Kenya nzima. Desemba 20, 1986, wakili S.M. Otieno, Mjaluo, alidedi. Bibi yake, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika kwa shamba yao Upper Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wake, Umira Kager, ukataka arudishwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Korti ya Rufaa, mwili ukiwa umekaa mochari miezi 5. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga Mei 23, 1987, na Wambui hakuenda mazishi. Wazee huikumbuka kama kesi ya sheria, ya ukabila, ya haki za mjane, na ilikuwa hizo zote. Mimi nikiisoma naona pia pande mbili zinasema sentensi moja, "Huyu ni wetu na tunampenda," na hakuna upande uliweza kuiskia ikitoka mdomo wa wenzao.

Makiwa, na leso ya Bi Mkubwa

Ploti yetu ilikuwa na mama mmoja wa Mombasa, wote tulikuwa tunamuita Bi Mkubwa. Habari ya mzae ilipofika, alipanda ngazi hadi kwetu, akamshika mathe mkono, akasema, "Makiwa," akakaa naye chini kwa mkeka. Tangu hiyo saa hadi adhana ya jioni hakuongeza neno. Ma-aunti wangu walikuwa wanamcheki wakijiuliza huyu amekuja kufanya nini.

Alikuwa amekuja kukaa. Kwao Waislamu wanazika haraka, siku hiyo hiyo ikiwezekana, na matanga ni siku 3. Kupiga mayowe, kujipiga na kurarua nguo kumekatazwa. Machozi yenyewe yanaruhusiwa. Ni huruma Mungu ameweka kwa roho ya mtu. Kwa hivyo kazi ya jirani ni kujaza ile nafasi kando ya mfiwa, asikae pekee yake. Watu wa kwetu wanajaza nyumba kwa sauti. Bi Mkubwa aliijaza kwa kimya, na nyumba ilijaa.

Kabla aondoke alitoa leso kwa begi, akamfunika mathe mabegani.

Kama hujui leso, cheki. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule mstari wa maandishi. Duka la Kaderdina Hajee Essak liko Biashara Street, Mombasa, na hiyo familia imekuwa kwa biashara ya leso tangu 1887. Zamani maandishi yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaingia hizi tunatumia. Kwa hiyo mstari mmoja, mwanamke wa Pwani anaweza kumwambia jirani aache wivu, akamwambia bwana amemsamehe, akamwambia mama mkwe asante, na hajafungua mdomo. Anavaa, anapita, mwenye kuambiwa anasoma. Kwa taarab ni hivyo hivyo. Mwimbaji akifika mstari unaokugusa, unainuka na noti mkononi, unatembea taratibu hadi mbele, unamtunza. Ukumbi wote unajua umesema kitu, na yule unamwambia anajijua.

Leso ya mathe ilikuwa na maneno ya kumkumbusha kwamba Mungu hamtupi mja wake. Mathe aliisoma usiku, watu wakiwa wamelala. Hapo ndio niliskia akilia kwa mara ya kwanza.

Na lile neno, pole, tunalitumianga hadi tumesahau uzito wake. Ukianguka unaambiwa pole. Ukitoka job, pole. Ukiugua, ukifiwa, ukinyeshewa, pole. Anayekuambia hajakukosea. Makosa yana neno lake, samahani. Pole inasema: nimeona mzigo wako, tembea nao polepole. Kwa Dholuo ni karibu hivyo hivyo: pole ni mos, na polepole ni mos mos. Lugha mbili, moja ya Kibantu na ingine ya Wanailoti, hazina hata mjomba mmoja, lakini zimefika mahali pamoja: uchungu haukimbizwi.

Mathe hajawahi niambia

Mzae alikuwa msee wa pakruok. Kwa Wajaluo pakruok ni sanaa kabisa. Kwa nyatiti ama ohangla, mtu anatoa pesa, muziki unapewa breki, anasimama anajisifu, anasifu mabeshte wake, anasifu kwao na manzi yake, alafu muziki unaendelea. Mzae aliileta hiyo hadi kwa keja yetu ya rumu moja. Nikitoka shule na ripoti fomu ya kawaida tu, alikuwa anasimama mlangoni anaita ploti nzima, "Kujeni mcheki wuoda!" Mtoto wangu. Nilikuwa natembea wiki nzima kifua mbele.

Mathe ni Mkisii wa Nyamira. Ripoti fomu hiyo hiyo alikuwa anaiangalia, anaikunja, anaiweka kwa kabati, anasema, "Maji imeisha, enda uchote." Hajawahi niambia nimefanya poa. Hajawahi niambia mimi ni mjanja. Hajawahi niambia ananipenda, hata siku moja. Nikiwa na miaka 15 nilikuwa nimeamua: mzae ananipenda, mathe ananivumilia.

Nilikuja kuelewa kupitia kitabu, na sioni aibu kusema hivyo. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa Kisii mara ya kwanza miaka ya 50, akarudi miaka ya 70 na bibi yake Sarah na wenzao, wakafuatilia wamama wa Kisii na watoi wao wachanga, alafu wakalinganisha na wamama wa Boston. Kitabu chao kilitoka 1994. Walichoona kilinikalisha chini. Mama wa Boston alikuwa anamwangalia mtoi machoni, anabonga naye, anamchekesha, anamsisimua. Mama wa Kisii alikuwa anamweka karibu na mwili, anamnyonyesha, anambeba, anabonga naye kidogo sana, na mtoi akimkazia macho, mara nyingi anaangalia kando. Lakini mtoi akilia, mama wa Kisii alikuwa anafika haraka kumshinda yule wa Boston. Wamama wa Kisii walipoonyeshwa video za Marekani, walishtuka: mtoi analia hivi na mathe bado hajamshika?

Kila mama alikuwa na lengo lake. Wa Boston alitaka mtoi mchangamfu, wa kujieleza. Wa Kisii alitaka mtoi atulie, aishi, akue na heshima, na hizo zilikuwa siku watoi wengi walikuwa wanadedi kabla wafikishe mwaka. Kusifu mtoi kulionekana kama njia ya kumharibu, awe jeuri. Alafu juu ya hiyo kuna chinsoni, zile sheria za heshima na haya kati ya wazazi na watoto, zinazosema nani anaweza kubonga nini mbele ya nani, na nani haingii chumba cha nani. Hata maneno yenyewe yamepangwa tofauti: kwa Ekegusii, "baba" ni mama. Baba ni "tata". Mtu akija na masikio ya Kiswahili tu, ataskia mtoi akiita baba na atageuka upande usiofaa. Mimi nilikuwa nimegeuka upande usiofaa miaka 15.

Nikaanza kurudi nyuma. Nikiwa darasa la pili nilipata malaria, na mathe alinibeba mgongoni hadi kliniki, mimi miguu karibu ifike chini, hakuniambia neno njia nzima. Usiku nikikohoa mara moja, blanketi ya pili ilikuwa imefika kabla nikohoe tena. Na siku moja nikitafuta cheti cha kuzaliwa kwa ile kabati, nikapata ripoti fomu zangu zote, kutoka nasari hadi fomu 4, zimepangwa kwa miaka, zimefungwa raba. Mzae aliita watu waje wanicheki. Mathe alikuwa anatunza ushahidi.

Uso una sheria zake

Kuna wanasaikolojia wawili, Paul Ekman na Wallace Friesen, 1969 waliandika kwamba kila jamii inafunza watu wake sheria za uso: hisia gani unaonyesha, mbele ya nani, kwa kiwango gani. Kwa utafiti wao, wanafunzi wa Japani na wa Marekani walionyeshwa filamu za kuogofya na kutia kinyaa. Kila mtu akiwa pekee yake, nyuso zilifanana. Mtafiti alipoingia akakaa nao, Wajapani wakafunika ile hisia kwa tabasamu, Wamarekani wakaendelea kukunja uso. Ndani walikuwa wameguswa wote. Kilichobadilika ni mgeni kwa chumba.

Sihitaji kwenda Japani kuona hiyo. Chali wa tatu wa mbogi yetu ni Mbukusu. Kwao watoi hutahiriwa Agosti ya miaka isiyo witiri, 2022, 2024 na kuendelea. Asubuhi na mapema kijana anapakwa tope la mtoni, litosi, anarudi boma akiimbiwa, anasimama mbele ya ukoo wote, na hakunji uso. Akipepesa macho, watu wanaongea. Huyu beshte yetu alisimama wima na bado anajivunia, na ana haki. Lakini alipofutwa job alikaa miezi akituambia "niko fiti" na ule uso wa asubuhi ya tope, hadi siku tulimpata ameketi kwa giza hajakula siku 2. Tulikuwa tumeusoma ule uso kama nguvu.

Hapa nataka kusema kitu bila kupepesa. Ule uso ulifunzwa kwa asubuhi moja. Hakuna mzee aliyesema ukae nao maisha yote. Hata Wabukusu wenyewe, mzee wa heshima akizikwa, wanaita omuswala kumuse, mtu wa kuongea kusudi ukoo upone, asimame mbele ya watu awafariji kwa maneno kwa masaa. Jamii iliyofunza vijana kunyamaza kwa kisu ndio iliyoweka mtu wa kuongea kwa kifo. Sisi machali wa mtaa tumebeba nusu ya kwanza tukaacha ya pili.

Mwili pia una kamusi yake. Nenda Mombasa, mitaa ya Old Town, utaona wanaume wazima wanatembea wameshikana mikono, wanapiga stori za mpira na bei ya samaki. Ni urafiki, basi. Mara ya kwanza mbaba wa huko kunishika mkono hivyo nilikakamaa, juu Umoja tunajua gota pekee. Baadaye nikaona heshima gani alikuwa ananipea, kunitembeza kwao kama mdogo wake. Na siku tulienda ocha ya beshte yangu Nyeri, guka wake alitupokea, akatuombea, akatema mate kidogo kifuani pake. Ungenipata mjinga ningesema nimetukanwa. Hiyo ni baraka, na ni ya zamani. Wamasai pia, mate ya mzee ni baraka, na watoto wao wanainamisha kichwa mzee akiguse. Mzee anakupea kitu kutoka ndani ya mwili wake. Sijui tuzo gani inashinda hiyo.

Tulibonga

Mwaka baada ya mazishi, mathe wa beshte yangu ndio alinitobolea stori ya zile siku 9. Nikamtafuta jamaa kwa steji. Nilinunua smokie, nikasimama hapo hadi wateja wakaisha, nikamwambia ukweli wote: "Siku ile nilitaka unikumbatie. Hukunikumbatia, na nimekuwa na wewe kwa roho vibaya."

Alikaa kimya akifuta kisu. Alafu akasema, "Buda, niliogopa nikikushika tutaanguka wote wawili, na viti bado hazijapangwa."

Hiyo siku ndio nilijua hakuna mtu anaweza kusoma roho ya mwenzake kwa kukisia tu. Lazima mtu aulize. Tangu hapo nimejizoesha kuuliza watu nawapenda swali moja rahisi: kwenu mtu akiwa kwa uchungu, watu hufanyanga aje? Na akifurahi? Na akikosewa, anaombwa msamaha na mdomo, na mbuzi, ama na kazi? Utashangaa watu wanavyofunguka. Manzi mmoja aliniambia kwao baba haombi msamaha kwa binti, lakini asubuhi baada ya ugomvi anampelekea chai chumbani mwenyewe. Alikuwa amekunywa hiyo chai miaka na hajawahi jua ni barua.

Alafu upande wa pili: sema unachotaka kwa lugha unayotaka. Mwambie msee wako, "Najua unanitumia fare na unanipikia, na naona, lakini leo nahitaji kuskia kwa maneno." Hiyo haikufanyi laini. Inampea mwenzako nafasi ya kujifunza lugha yako, kama vile wewe unajifunza yake.

Na tuwekeane mpaka. Kuna mtu anapiga bibi yake anasema kwao ndio mapenzi. Kuna mzazi anatukana mtoi hadi anavunjika, anasema kwao ndio malezi. Hapana. Mila ni lugha ya kubeba mapenzi. Mahali hakuna mapenzi ya kubeba, hiyo si lugha, ni ukatili umevaa nguo ya ukoo. Ukiwa kwa nyumba kama hiyo, usikae hapo ukitafuta tafsiri. Toka, tafuta mtu wa kukushika.

Sisi watu wa Nairobi tuko na bahati moja. Sheng ilizaliwa Eastlands juu watoi wa mama tofauti walikutana kwa ploti moja, choo moja, bomba moja ya maji, na wakakataa kushindwa kubonga. Wakachukua Kiswahili, wakachukua Kizungu, wakachukua Dholuo, Kikuyu, Kikamba, Kiluhya, wakatengeneza kitu yao. Kama tuliweza kufanya hivyo na maneno, tunaweza kufanya hivyo na roho. Msee anaweza kujua kupiga nduru na kupanga viti. Anaweza kukaa kimya kwa mkeka kama Bi Mkubwa, na asubuhi asimame asifu beshte yake mbele ya watu kama mzae wangu.

Mlango

Mwaka huu nimepata mtoi, msichana. Siku tulimtoa hosi, beshte yangu alikuja kwa keja. Hakusema mengi. Alitoa nyundo, akapiga neti kwa dirisha juu ya mbu, akajaribu kila kona na kidole, akanipea gota. Nilimkumbatia. Alikakamaa kidogo, alafu akatulia.

Mama ya mtoi anabonga naye mchana kutwa, anambusu miguu, anamwimbia. Mimi nikimwinua nampigia pakruok ya mzae, namuita nyar Siaya, binti wa Siaya, naita majirani waje wamcheki.

Juzi usiku alilia. Nilikuwa bado natafuta slipa kwa giza na mathe alikuwa ashafika. Alimwinua, akamweka mgongoni, akamfunga na ile leso ya Bi Mkubwa, maandishi yake yamefifia sasa. Hakumwimbia. Hakumwangalia machoni. Alitembea tu, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, na sauti ya mtoi ikashuka, ikashuka, ikaisha.

Nilikuwa nimesimama hapo kama mtoi wa darasa la pili. Nikamwambia, "Mathe, asante. Kwa yangu pia."

Hakugeuka. Akasema, "Umeacha mlango wazi. Utashikwa na baridi."

Nikaufunga. Nilikuwa nimemskia vizuri.